Kivuli cha Saa Nne

Kila siku isiyo ya mvua, jua lilikuwa likifika mlangoni kwa fundi cherehani saa tano kasoro dakika kumi. Lilianzia kwenye jiwe kubwa lililo juu ya nyumba za mwisho, likateremka paa moja baada ya jingine, likavuka mfereji, kisha likaingia uani kwake na kupanda kizingiti. Fundi alikuwa amejizoesha kuahirisha kazi zote za kutunga uzi hadi dakika hiyo. Macho yake yalikuwa na miaka sitini na minne na hayakupenda kusumbuliwa mapema.

Jumanne moja alikaa na sindano mkononi na sketi ya shule magotini, akangoja. Saa ya ukutani ilifika saa tano kasoro kumi, ikapita. Jua lilishuka hadi kwenye jiwe kubwa, likaishia hapo. Mpaka wa kivuli ulilala juu ya jiwe umenyooka kama pindo lililopigwa pasi, na haukusogea tena siku ile.

Ilipofika saa saba, jua lilikuwa juu ya vichwa vyao kabisa. Watu wa bondeni waliweza kuliona wakiinua macho. Lilionekana, ila halikufika. Fundi alimwomba msichana wa nyumba ya pili amtungie uzi, akamshukuru, akaendelea na sketi.

Mzee aliyegawa maji ya mfereji, ambaye watu wote walimwita Bwana Zamu, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza kama kuna mtu amegombana na watu wa mgongoni. Mgongo wa mlima ulikuwa upande wa pili wa jiwe, na huko jua lilikuwa linawaka kama kawaida.

"Wale hawajatosheka na kitu tangu niwafahamu," alisema. "Walianza na njia ya ng'ombe. Sasa wamekuja kwenye jua."

"Utazuiaje jua?" fundi aliuliza.

"Ningejua, ningekuwa nimezuia la kwao."

Vijana wanne walipanda kwenda kuchunguza kama kuna kilichojengwa. Walirudi wakasema hawakukuta kitu, ila watu wamekaa nje wanakunywa chai na mikono ya mashati imekunjwa. Bwana Zamu aliandika hilo katika daftari lake la maji.

Wiki tatu zikapita hivyo. Maharage yalirefuka sana yakitafuta mwanga, yakawa ya njano, yakalala. Kuku waliingia bandani saa sita mchana, wakaona si usiku, wakatoka. Nguo zilizofuliwa Jumatatu zilikuwa bado mbichi Ijumaa, zikaanza kunuka. Watoto walikwenda shule, iliyokuwa nje ya kivuli, wamevaa sare zenye unyevu, na mwalimu hakuwafokea. Aliwaweka karibu na dirisha na kuwaambia wageuzie migongo nje.

Aliyewaokoa kwa nguo alikuwa Mama Pacha, mwanamke wa mgongoni ambaye fundi alimshonea gauni la arusi miaka thelathini nyuma na tangu hapo wakawa kama ndugu. Mama Pacha alifunga kamba tatu ndefu nyuma ya nyumba yake na kutuma habari: leteni nguo zenu, huku jua lipo tele. Akazianika mwenyewe, akazigeuza mwenyewe, na zilipokauka akazikunja. Jioni fundi alipanda kuchukua za nyumba yake na za wagonjwa wawili wasioweza kupanda.

"Umezihesabu?" Mama Pacha aliuliza.

"Sijahesabu."

"Umehesabu. Nimeiona midomo ikicheza."

"Basi zimetimia. Ila kuna soksi imezidi. Hii si yetu."

"Nimeitia makusudi, nione kama utairudisha."

Walicheka wote wawili mpaka wakashikana mabega. Lakini kila mmoja alikuwa amempima mwenzake, na kila mmoja alijua amepimwa.

Fundi alikuwa na mwana mmoja tu, na mwana huyo alifanya kazi mjini, katika kitengo cha ramani cha ofisi ya wilaya. Tangu shule ya msingi wenzake walimwita Macho Manne kwa sababu ya miwani, na hata ofisini jina hilo lilimfuata. Ilikuwa wiki ya saba hajafika nyumbani. Alipiga simu Jumapili na kusema kazi ni nyingi, mama, kazi ni nyingi mno. Fundi alipomwambia kuhusu jua, aliuliza kama anavaa sweta. Hakuuliza kwa nini. Hapo ndipo machale yalipomcheza fundi.

Alhamisi alifunga sare za shule zilizokwisha katika kitambaa, akateremka mjini kuzipeleka, na akiwa njiani kurudi akapita ofisi ya wilaya.

Katika ukumbi wa kuingilia palikuwa na ramani mpya ukutani, kubwa kama shuka la kitanda cha watu wawili. Fundi aliisogelea kwa jicho la mtu wa vitambaa. Mlima wote ulikuwa umekatwa vipande na kuunganishwa: kijani kwa msitu, njano kwa mashamba, kahawia kwa makazi ya watu. Mistari ya mwinuko ilipangana kama mishono ya godoro. Ilikuwa kazi safi, na fundi alijisikia fahari kidogo kabla hajaanza kutafuta nyumba yake.

Alipata mgongo wa mlima, ukiwa na madoa ya kahawia. Alipata jiwe kubwa. Chini ya jiwe palikuwa na kipande kimoja kirefu cha kijivu, kisicho na doa hata moja, chenye umbo lile lile la kivuli alichokaa ndani yake kwa wiki tatu, hadi kona ndogo iliyokwepa mfereji. Pembeni pa ramani maelezo yalisema: *kijivu, ardhi tupu, itapandwa miti.* Chini palikuwa na muhuri wenye tarehe ya Jumatatu, siku moja kabla ya jua kuacha kufika.

Fundi aliisoma tarehe mara mbili. Hakuona la ajabu. Aliona tu kwamba muhuri ulikuwa na nguvu kuliko alivyodhani.

Mwanawe alishuka ngazi akiwa na karatasi mkononi, akamwona, akapunguza mwendo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hilo shati nani amekushonea?"

"Nimelinunua."

"Kola imekaa upande," fundi alisema, akainyoosha. "Haya, nieleze hili bonde."

Macho Manne alimpeleka kwenye benchi la chini ya ngazi, mbali na watu. Alieleza polepole, kama mtu aliyekwisha kujieleza mwenyewe mara nyingi. Setilaiti hupita juu ya mlima saa nne asubuhi, kila mara saa nne. Saa hiyo kivuli cha kilele bado kimelala bondeni. Kwa hiyo kompyuta ikisoma picha, mgongoni inaona paa, miti, mashamba. Bondeni inaona giza.

"Kwa hiyo mimi ni giza."

"Si wewe, mama. Ni rangi tu."

"Na isipoona kitu inaandika hakuna kitu?"

"Haiandiki. Inaweka sifuri. Kisha mtu anatumwa kwa miguu kuhakiki. Anapewa pointi, anakwenda na kifaa cha mkononi mpaka asimame pale penyewe, anapiga picha nne, moja kila upande, anajaza fomu."

"Nani alitumwa kwetu?"

Macho Manne alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Mafaili yako masjala. Si mimi ninayeyatunza."

"Sikuuliza nani anayatunza."

Aliitwa kutoka juu, akasema samahani mama, akapanda ngazi mbili mbili.

Masjala ilikuwa chumba kirefu chenye makabati ya chuma, na karani wake alikuwa mwanamke mwenye kikohozi. Aliposikia fundi anatoka bondeni alimgusa mkono. Mkono ulikuwa wa baridi, kwa sababu watu wa bondeni siku hizo walitembea na baridi yao hata mjini. Karani alimvutia kiti mpaka kwenye jua la dirishani na kumfunika miguu kwa khanga aliyoiweka kwa ajili yake mwenyewe.

"Mafaili ya uhakiki hayaonyeshwi watu wa nje," alisema. "Mimi sasa nakwenda kuchemsha maji ya chai. Birika letu ni zito sana kuchemka, mama yangu. Lile faili la kijivu liko ukingoni mwa meza, na dirisha liko wazi. Uliangalie lisianguke."

Fundi aliliangalia lisianguke. Karatasi ya kumi na saba ilikuwa na picha nne. Zote nne zilionyesha udongo. Mpigaji alikuwa ameinamisha kamera mpaka hapakuonekana ukuta wala mti wala anga, udongo tu, mkavu na safi.

Ulikuwa safi mno. Juu yake kulikuwa na alama za ufagio, nusu duara baada ya nusu duara, zimepandana kama magamba ya samaki, na zote zimeelekea kulia. Bondeni watu walifagia kwa mkono wa kulia na alama zao zilielekea kushoto. Fundi peke yake alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Katika picha ya tatu, kwenye kona, palikuwa na kipande cha uzi wa bluu wa sare za shule.

Chini ya picha maelezo yalisema: *Hakuna makazi yanayoonekana katika picha.* Halafu sahihi. Herufi ya kwanza ilikuwa na mkia mrefu unaojikunja. Fundi alikuwa amemfundisha mwanawe kuuchora mkia huo juu ya meza ya kukatia vitambaa, kwa chaki.

Alifunga faili. Karani aliporudi na chai alimwongezea sukari.

Saa za kazi zilipokwisha fundi alikuwa amesimama nje ya geti. Mwanawe alitoka, akaja moja kwa moja, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine.

"Ulikuja," fundi alisema.

"Nilikuja."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ndani. Ulikuwa unashona. Niliisikia cherehani."

"Hukupiga hodi."

"Ningepiga hodi ungenipa chai. Ningekunywa chai ningeandika nyumba." Alitazama viatu vyake. "Mkuu wa kitengo alisema mradi unataka bonde lote liwe kipande kimoja. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Lakini sikuandika uongo, mama. Hata neno moja. Kasome tena."

"Nimesoma. Umeandika vizuri."

"Jumatano kamati inakuja kusikiliza malalamiko yenu ya kivuli. Ukizisema zile picha nitafukuzwa."

"Najua."

Mtu wa ofisini alipita akasema, "Macho Manne, ndiye mama? Mmefanana!" nao wakaitikia kwa pamoja kwamba ndiyo, wamefanana.

Fundi alikuwa na siku sita. Alishona siku zote hizo na kuharibu kazi mbili, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Bondeni mlikuwa na nyumba thelathini na nane, na ushahidi mmoja tu, na ushahidi huo ulikuwa na sahihi ya mwanawe. Jumatatu Bwana Zamu alimuuliza kama kule mjini aliona chochote. Fundi alijibu kwamba aliona ramani. Bwana Zamu alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akasema, "Na kijana hajambo?" Fundi akasema hajambo. Jumanne jioni alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mzee huyo na kumwambia kila kitu, akiwa amesimama, kwa sauti ya kawaida. Mke wa Bwana Zamu alimletea kiti. Hakukaa.

Kamati ilifika Jumatano saa sita. Walikuwa watatu: mwenyekiti, aliyekuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole; mkuu wa kitengo cha ramani; na bwana mmoja wa mradi wa miche. Macho Manne aliwafuata akiwa amebeba kifaa cha kusoma mahali. Walipofika kwenye jiwe kubwa, mwenyekiti aliweka mguu mmoja kivulini akauacha mwingine juani, akabadilisha, kisha akaomba sweta. Bwana wa miche alipima joto na kukuta tofauti ya nyuzi nane. Mkuu wa kitengo aliutembea mpaka wa kivuli akiulinganisha na ramani, na kila alipoangalia kifaa uso wake ulizidi kuchangamka.

"Hatujakosea hata mita moja," alisema. "Angalieni hii kona ya mfereji. Ramani ilisema hapa ni gizani, na kweli ni gizani."

"Kivuli kipo, hakuna anayebisha," mwenyekiti alisema. "Liandikwe."

Watu wa bondeni walikuwa wamekusanyika uani kwa fundi, wamejifunika mablanketi mabegani. Bwana Zamu alitoka mbele na daftari lake.

"Mheshimiwa, nyumba ziko thelathini na nane. Umepita katikati yake. Umeshika ukuta wa kwangu ulipoteleza. Zihesabu."

"Mzee wangu, pole kwa kuteleza kwangu," mwenyekiti alisema. "Leo tumekuja kwa malalamiko ya kivuli. Suala la nyumba lina fomu yake."

"Tupeni hiyo fomu."

"Inatolewa kwa wakazi wa maeneo yenye makazi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akaonekana kujutia.

Ndipo fundi alipochukua ufagio uliokuwa umeegemezwa ukutani. Alianza mlangoni, akafagia kwa mkono wake wa kushoto, nusu duara baada ya nusu duara, na watu wakarudi nyuma kumpisha, mwenyekiti pia, akiinua pindo la sketi. Alipofika kwenye mfereji aliusimamisha ufagio.

"Mheshimiwa, naomba ufungue karatasi ya kumi na saba ya faili lenu," alisema. "Ulinganishe."

Mwenyekiti alifungua. Alitazama picha, akatazama chini. Alitembea mpaka katikati ya uwanja na karatasi mkononi, akageuka kaskazini, mashariki, kusini, magharibi. Magamba ya samaki yalikuwa yale yale. Karibu na kizingiti aliinama kwa shida, akaokota kipande cha uzi wa bluu.

"Aliyepiga picha hizi ni mwanangu," fundi alisema. "Yule pale. Alisimama hapo ulipo. Akainamisha kamera ili mimi na nyumba yangu tusionekane. Nilikuwa ndani nashona."

Macho Manne alikiangalia kifaa chake kana kwamba kingemwambia yuko wapi. Bwana Zamu alipiga kofi moja kubwa la ushindi. Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu, akapindua ukurasa, akaandika tena.

"Mama, kamati inakushukuru sana," alisema hatimaye. "Nasema kweli, tulikuwa na wasiwasi mmoja tu katika jambo hili lote, kwamba huenda mhakiki hakufika. Hawa vijana wengi hujaza fomu wakiwa wamekaa hotelini. Sasa wewe umetuthibitishia. Alifika. Alisimama kwenye pointi yenyewe. Picha nne zipo, na zimepigwa hapa hapa, hata mtoto anaona." Alimgeukia mkuu wa kitengo. "Uhakiki ulifanyika. Funga hoja."

Mkuu wa kitengo alimshika mkono Macho Manne na kuutikisa. Bwana wa miche alimshika mkono wa pili.

"Lakini mheshimiwa, mmesimama nyumbani kwangu," fundi alisema.

"Nakuona, mama yangu," mwenyekiti alisema kwa upole wa kweli, na alipokuwa akiondoka alivua sweta akamwachia.

Macho Manne alipewa mkataba wa miaka mitatu. Ramani ilitolewa upya mwezi uliofuata, bora zaidi, na kijivu hakikuitwa tena ardhi tupu. Kilipewa rangi yake, bluu iliyoiva, na maelezo yake: *kivuli cha kudumu*. Wataalamu walikuja kutoka mbali kukiona, wakakipima, wakakubaliana kwamba ni imara. Kwa kuwa miche iliyokuwa imeagizwa ilitaka jua, mradi uliagiza mingine, inayopenda giza.

Bondeni watu walianza kunyamaza fundi alipopita. Bwana Zamu alikuwa wa kwanza kulitamka, tena mbele yake, kwenye foleni ya maji.

"Mimi nilijiuliza, iweje mama amshitaki mwanawe mwenyewe? Sasa nimeelewa. Amempigia debe."

"Bwana Zamu, wewe ndiye uliyepiga kofi."

"Nilipiga kwa kuwa sikujua njama. Mlipanga vizuri, wewe na kijana wako."

Fundi aliufikiria utetezi wake, akaona kwamba kila alichoweza kusema kingesikika kama sehemu ya njama. Zamu yake ya maji ilihamishwa kutoka asubuhi hadi mwisho, baada ya kila mtu. Lakini asubuhi iliyofuata alikuta ndoo mbili zimejaa mlangoni kwake, zimefunikwa kwa majani makubwa, na hazikuwa ndoo zake. Zilikuwa za mke wa Bwana Zamu. Alizirudisha tupu jioni, na asubuhi zikawa zimejaa tena. Wanawake hao wawili hawakulizungumzia jambo hilo hata siku moja.

Kazi za kushona zilipungua. Mama Pacha alimwambia ahamishie cherehani kwake mgongoni, kwenye jua, akae naye. Fundi alisema atafikiri. Hakutaka kuiacha nyumba, kwa sababu alishuku kwamba akitoka hata kwa wiki moja ramani itakuwa imesema kweli.

Vigingi vililetwa siku ya Jumatatu. Miche ilitakiwa kupandwa kwa mistari iliyonyooka, mche mmoja kila baada ya mita tatu, na mistari ilianzia kwenye jiwe kubwa na kuteremka bondeni bila kupinda. Wapandaji walikuwa watu wa heshima. Mstari ulipofika kwenye zizi waliwatoa ng'ombe kwanza. Ulipofika kwenye jiko la mtu walisubiri chungu kiive. Kisha waligonga kigingi mahali pake na kuendelea upande wa pili wa ukuta.

Kufikia saa tano mstari wa tisa ulikuwa umefika uani kwa fundi. Alikuwa kwenye cherehani, akishona kwa kupapasa, kwa vidole zaidi kuliko macho. Alisikia viatu vikisimama mbele ya kizingiti, akavijua.

"Hodi," Macho Manne alisema.

Fundi aliacha gurudumu la cherehani lizunguke mpaka lilipoishia lenyewe.

"Umekuja kikazi," aliuliza, "au umekuja nyumbani?"

Nje mtu aliita namba, na mtu mwingine akaijibu. Macho Manne alikuwa na kifaa mkono mmoja na nyundo mkono mwingine, na vigingi viwili vimebanwa kwapani. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa lile lile la kununua.

"Kikazi, mama."

"Karibu."

Aliingia akitazama kifaa, hatua ndogo ndogo, kushoto kidogo, mbele kidogo, mpaka kikalia. Mahali penyewe palikuwa kati ya cherehani na kitanda. Alipiga goti, akasimamisha kigingi, lakini sakafu ya udongo ilikuwa imeshindiliwa kwa miaka arobaini, na kigingi kikaanguka. Akakisimamisha tena, kikaanguka tena. Alijaribu kukishika kwa mkono ule ule wenye kifaa, na nyundo ikamkosa kidole chupuchupu.

Fundi aliinuka. Alikishika kiti, akashuka polepole mpaka magoti yote mawili yakafika chini, akakishika kigingi kwa mikono miwili, karibu na udongo.

"Kimeinamia kwako," alisema. "Haya, sasa kimekaa sawa. Piga."

"Usije ukasogeza vidole."

"Sisogezi."

Alipiga mara sita. Kila mara aliitazama kwanza mikono ya mama yake, halafu kigingi. Kiliposhuka vya kutosha kusimama chenyewe, fundi alijiinua kwa kushika bega la mwanawe, akakisogeza kitanda ukutani ili kigingi cha pili kipate nafasi.